Somo: Kuondoa makro zisizotumika kwenye kerneli ya Linux

Asalaam aleikum wanakikundi wa Lamu, na mlio Malindi pia. Mmeuliza pa kuanzia mkitaka kuichangia kerneli, yaani kiini cha mfumo wa Linux. Anzeni na makro (majina ambayo hubadilishwa kuwa msimbo mwingine kabla ya kukompailiwa) za usanidi na za kusaka hitilafu ambazo hazina kazi tena. Kila #ifdef (sharti linaloamua kama kipande cha msimbo kikompailiwe) iliyokufa humchosha msomaji kwa msimbo usioendeshwa kamwe, na msimbo ambao kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine) haiupitii huharibika kimyakimya.

Hatua ya 1: kutafuta. Ndani ya mti wa msimbo endesha ./scripts/checkkconfigsymbols.py. Itakupa majina yanayotajwa ilhali hakuna faili la Kconfig (faili zinazoorodhesha chaguo za usanidi) linaloyafafanua.

Hatua ya 2: kuhakikisha. Hapa msiwe na haraka. Fundi wa majahazi kule Matondoni hang'oi msumari kabla ya kujua umeshika ubao gani. Tafuta kwa git grep CONFIG_JINA (mahali pa JINA weka jina la chaguo lako), kisha tafuta JINA peke yake, kwa sababu ndani ya Kconfig jina huandikwa bila kiambishi CONFIG_. Angalia pia CONFIG_JINA_MODULE, ambayo ndiyo hutokea chaguo likiwekwa m (moduli inayopakiwa kando) badala ya y (ndani ya kerneli yenyewe). Halafu chunguza alama ##. Hiyo huunganisha vipande kuwa jina moja, kwa hiyo makro inaweza kuwa inatumika na grep isiione.

Hatua ya 3: kusoma historia. Andika git log -S CONFIG_JINA, utaona badiliko lililoiacha yatima. Ikiwa draiva (msimbo unaoendesha kifaa) yenyewe ilishaondolewa, futa mabaki. Lakini ikiwa chaguo lilibadilishwa jina na msimbo ukaachwa na jina la zamani, hiyo si takataka bali ni hitilafu: kitu kilichotakiwa kufanya kazi kimezimika. Rekebisha jina, usifute. Kwangu mimi, ugunduzi wa namna hii ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Hatua ya 4: makro za kusaka hitilafu. Draiva nyingi za zamani zina dprintk yake, yaani makro ya kuchapisha ujumbe wa kusaka hitilafu, imefungwa ndani ya #ifdef. Weka pr_debug au dev_dbg, za kerneli yenyewe, mahali pake. Hata ikiwa imezimwa, kompaila bado hukagua hoja zake; na penye CONFIG_DYNAMIC_DEBUG unaiwasha bila kukompaili upya.

Hatua ya 5: kutuma. Kiraka kimoja, jambo moja. Pitisha checkpatch.pl (hukagua mtindo wa kiraka), pata wapokeaji kwa get_maintainer.pl, weka Signed-off-by (mstari wa jina lako unaothibitisha una haki ya kutuma msimbo huo).

MASWALI

Swali (Langoni): Shikamoo maalim. Nimeona makro ndani ya include/uapi, kerneli nzima haiitumii. Nifute?

Jibu: Marahaba mwanangu. Usiiguse. Faili hizo ni za programu zilizo nje ya kerneli. Ukifuta, programu za watu zitakataa kukompailiwa.

Swali (Malindi): Kompyuta yangu ni dhaifu, kukompaili kwa make allyesconfig (usanidi unaowasha karibu kila chaguo) siwezi. Nifanyeje, maalim?

Jibu: Kompaili faili lako tu, mfano make drivers/njia/faili.o, kabla na baada ya kufuta, kisha linganisha matokeo ya objdump -d, inayoonyesha maagizo ya mashine. Kama ulichofuta kilikuwa kimekufa kweli, maagizo ya mashine hubaki yale yale, isipokuwa pale msimbo unapotumia __LINE__, maana namba za mistari husogea. Jaribu na usanidi zaidi ya mmoja, chaguo nyingine zinazogusa faili hilo zikiwa zimewashwa na zikiwa zimezimwa.