Namna ya kumpata kipasuasanda usiku, Lindi na Mtwara

Mchana usijisumbue. Ndege huyu wa usiku hulala juu ya majani makavu, na rangi zake za kahawia na kijivu humficha hata ukiwa hatua mbili tu. Utamkanyaga kabla hujamwona. Subiri giza, utangulize masikio, tochi ifuate.

Kipasuasanda wako wa aina kadhaa. Yule wa misitu ya milimani, kama Kilimanjaro na Meru, huku hayupo. Huku wanaosikika zaidi ni wawili. Mwenye shingo ya hudhurungi hupiga mluzi wa kutetemeka unaoshuka mwishoni. Mwenye mkia wa mraba hunguruma mfululizo, kama pikipiki inayobadilishwa gia kwa mbali.

Chagua usiku wa mbalamwezi, maana ndipo huimba na kuwinda kwa muda mrefu. Kukiwa na giza totoro huwinda zaidi magharibi na alfajiri. Nusu saa baada ya jua kuzama uwe kwenye barabara ya vumbi pembeni mwa msitu. Kwa hifadhi ya msitu wa Rondo, Lindi, chukua kwanza kibali cha TFS, wakala wa serikali wa misitu. Zima injini, nyamaza dakika kumi.

Tochi ishike kando ya jicho lako, si kiunoni, kwa kuwa mwanga unaoingia kwenye jicho la ndege hurudi ulikotoka. Ukiishusha, huoni kitu. Macho yake huwaka rangi ya chungwa, chini kabisa barabarani. Vidoti vya kijani au vyeupe ni buibui. Macho yanayorukaruka juu mtini ni ya komba. Vaa buti, kwani kifutu naye hulala barabara hizohizo.

Ukishamwona, mmulike sekunde chache tu, kisha elekeza mwanga pembeni. Akimulikwa sana huganda palepale, na bodaboda ikija inamgonga. Akiruka, tazama mkia: dume wa shingo ya hudhurungi ana mabaka meupe kwenye pembe zake, wa mkia wa mraba ana unyoya mweupe wote kila upande.

Kuanzia Agosti hadi Novemba hutaga mayai mawili ardhini, bila kiota, wakati uleule mashamba ya mikorosho yanaposafishwa na majani kuchomwa. Ndege akiinuka mchana na kujikokota kama aliyevunjika bawa, anakuhadaa uyaache mayai yake: simama, angalia miguuni, urudi kwa njia uliyojia. Chomeka kijiti hatua kadhaa kutoka hapo, na kwa wiki sita usipalilie wala usichome sehemu hiyo.