Somo: Taarifa ya darasa ambayo mzazi wa sekondari msingi ataisoma na kuitumia

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha sekondari msingi, yaani gredi ya 7 hadi ya 9, hapa Kisumu, niliwatumia wazazi arafa hii: "Wanafunzi walete vifaa vya mradi wa kilimo Jumatatu." Niliona imetosha. Jumatatu asubuhi nyanya mmoja alifika langoni na mjukuu wake, amebeba jembe jipya, mpini bado una karatasi ya dukani. Alikuwa amelinunua soko la Kibuye jana yake. Mradi wenyewe ulikuwa bustani ya gunia, na nilichohitaji ni gunia kuukuu, kopo tupu na kokoto za kujaza kopo. Nyanya hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mwalimu, ni hili?" Pesa ile angelipia unga wa wiki nzima. Siku hiyo niliacha kuandika "vifaa" kwenye ujumbe wowote, na ndipo nilipoanza kujifunza haya ninayoyaandika.

Kwa nini taarifa ina uzito katika ngazi hii? Alama za nafasi ya sekondari ya juu hazitoki kwenye mtihani mmoja. KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika gredi ya 6, ina asilimia 20, tathmini za shuleni za gredi ya 7 na ya 8 asilimia 20, na KJSEA, ile ya kumaliza sekondari msingi katika gredi ya 9, asilimia 60. Kundi la kwanza lilifanya KJSEA mwaka 2025. Kwa hiyo mradi unaofanywa Juni katika gredi ya 8 unaingia kwenye hesabu, na mzazi anayekuja kuusikia Novemba, mtoto akiwa gredi ya 9, amechelewa. Wengi wetu tulisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4, tukazoea kungoja ripoti ya kufunga muhula. Mzazi hana njia ya kuyajua haya mpaka mwalimu amwambie.

Hatua ya 1: Wajue wazazi wako kabla ya kuandika neno

Mkutano wa kwanza wa wazazi, zungusha daftari. Andika nambari ya simu na aina yake (ya intaneti au kabambe, ile ndogo isiyo na intaneti), lugha anayoipenda mzazi, na mtu ambaye mtoto analala kwake. Hilo la mwisho ni muhimu sana huku kwetu. Baba yuko Nairobi, mama yuko ng'ambo, na mtoto anakaa na nyanya au shangazi. Ukimtumia baba habari ya gunia, gunia halitakuja. Watumie wote wawili, lakini andika ukimfikiria yule aliye nyumbani na mtoto.

Papo hapo omba ruhusa ya picha kwa maandishi. Nitaieleza mbele.

Hatua ya 2: Chagua siku moja, usiihame

Mimi hutuma Alhamisi saa kumi na mbili jioni. Mzazi akishazoea, anaingoja. Kitu chochote cha kuletwa shuleni nakitangaza mapema, ili kati ya ujumbe na siku yenyewe kuwe na Jumapili moja. Jumapili ndiyo siku ya Kibuye, na ndiyo siku ambayo mama wa kibanda na baba wa bodaboda wanapata nafasi ya kutafuta kitu. Kama mzazi wako ni mkulima wa Ahero au Muhoroni, ulizia siku ya soko la kwao.

Hatua ya 3: Andika mambo matatu tu

Tulichofanya. Kinachokuja, pamoja na tarehe. Swali la kumuuliza mtoto.

Hilo la tatu ndilo nililolipigania zaidi hata kwa walimu wenzangu. Mtoto wa miaka 13 ukimuuliza "shule ilikuwaje?" atajibu "poa", na mazungumzo yameishia hapo. Lakini mzazi akimuuliza, "Maji ya yale maua mekundu yaligeuka rangi gani mlipotia ndimu? Na mlipotia majivu?" mtoto lazima aeleze. Tulipofanya somo la asidi na besi katika sayansi jumuishi, mama mmoja anayekaanga samaki karibu na ufuo wa Dunga aliniambia mwanawe alisimama jikoni akampa somo zima, mpaka akataka kujaribu na siki. Mama huyo hakusoma kemia popote. Alikuwa na swali moja tu kwenye simu.

Mfano wa arafa yangu ya Alhamisi tarehe 6 Juni 2024:

"Gredi 8: Ijumaa 14 Juni kila mtoto alete gunia kuukuu 1 na kopo tupu 1. Msinunue. Muulize: utapanda mboga gani, kwa nini? Mwl wa darasa."

Tazama neno "Msinunue". Lina herufi nane, na nililiweka kwa ajili ya lile jembe. Tazama pia kwamba nimeandika tarehe. Ukisema "Ijumaa hii", anayesoma Ijumaa asubuhi ataingiwa na hofu.

Arafa moja ni herufi 160, nafasi zikiwemo. Usitie vikatuni vya uso wala moyo, kwa sababu alama moja tu kama hiyo hushusha kiwango hadi herufi 70 na utatozwa arafa mbili au tatu. Hata kile kikoma cha juu katika "ng'ombe", simu nyingine hukiandika kikiwa kimepinda, na kilichopinda kinaleta gharama ile ile. Andika kilichonyooka.

Hatua ya 4: Safari, michezo na tamasha zina ujumbe wake

Usizichanganye na taarifa ya wiki. Andika mahali, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, chakula, nguo, na nambari ya mwalimu aliye na watoto. Tulipowapeleka Kit Mikayi, kule Seme, gari lilichelewa kurudi. Tulikuta akina mama langoni gizani, kila mmoja amewasha tochi ya simu, wananyamaza kwa namna ambayo sitaisahau. Hakuna mtoto aliyekuwa amepatwa na lolote. Ila sisi walimu wanne tulikuwa ndani ya gari na simu mifukoni, wala hakuna aliyewaza kutuma maneno matatu. Sasa natuma mara tatu: tumetoka, tumefika, tumerudi. Tukichelewa hata nusu saa, natuma ya nne.

Hatua ya 5: Yasiyoingia kwenye kikundi cha wazazi cha simu

Jina la mtoto aliyekosea. Orodha ya alama. Nani hajalipa. Nani ni mgonjwa. Umri huu wa miaka 12 hadi 15, aibu moja mbele ya wazazi mia inaweza kumtoa mtoto shuleni. Mpigie mzazi mwenyewe, au mwite.

Viwango vya tathmini navyo ni vya mtoto na mzazi wake. Unapovieleza, tumia maneno kamili: kuzidisha matarajio, kufikia matarajio, kukaribia matarajio, mbali na matarajio. Herufi tupu kama AE (kifupi cha Kiingereza cha kukaribia matarajio) humwacha mzazi akidhani mtoto amepata A.

Picha je? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini. Mimi hupiga picha ya kazi: mikono inayojaza gunia, sukuma wiki zilizochipua. Wazazi huzifurahia, na kila mtoto anajua mkono wake.

Maswali ya walimu na wazazi

*Mwalimu, Ahero:* Mwalimu, nimeanza kutuma kila wiki lakini hakuna anayejibu. Wazazi 48, majibu mawili. Nakata tamaa.

Usihesabu majibu, mwalimu mwenzangu. Hesabu magunia. Mimi nilipata majibu matatu na magunia 39. Wazazi wetu wengi wanasoma, wanatenda, basi. Vilevile waulize watoto Ijumaa: "Nani aliulizwa swali nyumbani?" Mikono itakuambia.

*Mzazi, Nyalenda:* Hujambo mwalimu. Simu ya nyumbani ni moja na mzee wangu huenda nayo kazini, hurudi saa nne usiku. Habari za shule nazisikia siku zimepita.

Sijambo mama. Nenda kwa mwalimu wa darasa umpe nambari ya jirani unayemwamini. Pia mwombe mtoto anakili ujumbe kwenye daftari kabla ya kutoka darasani, nawe utie sahihi. Darasani kwangu ujumbe huandikwa ubaoni kabla sijautuma, kwa sababu wazazi kama wewe mko wengi.

*Mwalimu, Njoro, Nakuru:* Nani analipia arafa hizi? Mimi natumia pesa zangu.

Nami nilianza hivyo, na haikuwa sawa. Peleka hesabu ya muhula kwa mwalimu mkuu, iandikwe. Wakati unangoja, jaribu utaratibu wa jirani kwa jirani: wenye simu za intaneti wapate ujumbe kwenye kikundi, na kila mmoja apewe mzazi mmoja wa kabambe anayeishi karibu naye, amfikishie. Waliobaki ndio uwatumie arafa. Kwangu walibaki 11. Usimpe mzazi mmoja watu wengi, atachoka.

*Mwalimu, Njoro, Nakuru:* Na akikosa kumfikishia?

Hutokea. Ndiyo maana ubao haufutwi kabla watoto hawajanakili.

*Mzazi, Kakamega:* Tuliandikiwa kwenye kikundi kwamba asiyetoa shilingi 500 za mradi asije Jumatatu. Ni halali?

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Ada nyingine zinahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, na hata zikiidhinishwa, mtoto hawezi kukatazwa shule kwa kutolipa. Mpeleke Jumatatu, ndugu. Nenda naye, uone mwalimu mkuu kwa upole, uombe kuonyeshwa idhini. Usijibizane kwenye kikundi, mtoto ndiye atakayeangaliwa kwa jicho baya.

*Mwalimu, Nyando:* Mafuriko yakija, barabara ikikatika saa nane mchana watoto wakiwa shuleni, niandike nini kwanza?

Watoto wako wapi, na nani yuko nao. "Watoto wote wa gredi 7 wako darasa la juu na walimu wawili. Msije kwa miguu. Tutaandika tena saa tisa." Kisha saa tisa uandike, hata kama huna jipya. Mzazi aliyeahidiwa saa tisa asipopata neno, saa tisa na dakika tano ataingia majini.