Usingoje uchungu uanze ndipo ujifunze kusogea
Mama mjamzito, zoeza mwili mapema, ukishapata ruhusa ya mkunga au daktari wako. Uchungu ukishakolea ni vigumu kujifunza jambo jipya. Mwili hukimbilia ulichouzoeza.

Jaribu hili leo jioni. Simama mbele ya meza, egemeza mikono, legeza magoti, kisha zungusha nyonga taratibu huku ukitoa pumzi ndefu kwa mdomo. Mwenzako asimame nyuma akukandamize kiuno kwa kiganja, nawe umwelekeze: shusha kidogo, kaza, hapo hapo. Waliowahi kupata uchungu wa mgongoni wanajua thamani ya mkono huo! Kupiga magoti na kushika sakafu kwa mikono nako kunaupunguzia mgongo mzigo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unahimiza wajawazito wasio na matatizo kutembea na kukaa wima wakati wa uchungu, na kuwa na msindikizaji waliyemchagua wenyewe. Kwa hiyo uliza kliniki mapema: nitaruhusiwa kutembea? Nani ataingia nami?

Ukipendekezewa jambo, mfano kuanzishiwa uchungu, uliza lina faida gani, hatari gani, kuna njia nyingine, na tukisubiri itakuwaje. Kuuliza si ukaidi. Mfundishe mwenzako maswali hayo pia, maana huenda wakati huo wewe huwezi hata kuongea.

Damu ikitoka au mtoto akipunguza kucheza, acha mazoezi na uende hospitali mara moja.