Kujenga Kazi ya Uchoraji wa Watu kwa Peni na Karatasi

Anayetaka kuishi kwa kuchora watu na achague kwanza kifaa kimoja, akae nacho kwa miaka. Toyin Ojih Odutola, aliyezaliwa Ife, Nigeria, mwaka 1985 na kukulia Marekani, alijijengea jina kwa peni ya wino ya kawaida: alipanga mistari mifupi tabaka juu ya tabaka, akiacha mianya midogo ya mwanga kati yake, hata ngozi ya shavu ikaonekana kama nyuzi zilizosokotwa. Jaribu hivyo kwa kuchora kiganja kimoja tu. Fuata mikunjo yake bila haraka, kwa sababu wino haufutiki.

Mkono ukishazoea, chora mfululizo wa picha zinazohusiana. Katika maonyesho ya Ojih Odutola yaliyofunguliwa mwaka 2017 kwenye jumba la makumbusho la Whitney, New York, alichora familia mbili za kitajiri za Nigeria alizozibuni mwenyewe, na kwa maoni yangu hadithi hiyo ndiyo inayomvuta mtazamaji kutoka picha moja hadi nyingine.

Tumia karatasi isiyo na asidi, na usitundike picha za peni penye jua, kwani wino huu hupauka. Kabla ya kuuza, piga picha kila mchoro na uandike jina, vipimo na mwaka wake. Nyumba za sanaa mara nyingi huchukua nusu ya bei; kubalianeni kwa maandishi kabla hujaacha kazi yako kwao, na udai stakabadhi iliyotiwa saini.