Kubadilisha na kuseti pointi za Honda CB750 Four

Pikipiki za Honda CB750 Four zenye kemu moja ya vali, zilizoanza kuuzwa mwaka 1969, zina seti mbili za pointi (swichi ndogo zinazokata umeme wa koili ili cheche itokee) chini ya kifuniko cha duara upande wa kulia wa injini. Seti moja ni ya silinda 1 na 4, nyingine ya 2 na 3, ukihesabu kutoka kushoto kwa aliyekaa kwenye kiti. Silinda za jozi moja hupata cheche kwa pamoja, moja ikiwa inashindilia na nyingine inatoa moshi. Kwa hiyo 1 na 4 zikifa pamoja, shuku pointi, kondensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue) au koili yao (inayotengeneza umeme wa cheche). Ikifa moja peke yake, pointi hazina kosa. Angalia plagi na kofia yake.

Fanya kazi injini ikiwa baridi. Toa plagi zote nne ili krenki izunguke kwa wepesi. Skrubu za nyota za pointi na kifuniko ni za kipimo cha Kijapani, JIS, na bisibisi ya nyota ya kawaida huteleza na kuzila vichwa. Zungusha krenki kwa spana ya 23 kwenye nati kubwa ya nje, kufuata mshale wa saa. Boliti ndogo ya katikati iache: ni ya milimita 6 na hukatika kirahisi.

Kabla ya kutoa pointi kuukuu, piga picha ya mpangilio wa waya na vishikizo vya plastiki. Waya wa buluu ni wa 1 na 4, wa njano ni wa 2 na 3. Hapa ndipo wengi hukwama: waya na springi ya pointi lazima viguse kimoja na kingine, lakini visiguse kabisa bamba la chuma linalobeba pointi. Washa ya plastiki ikiwekwa mahali pasipo pake, umeme unakwenda bodi (chuma cha injini) moja kwa moja na silinda mbili hazitoi moto hata kidogo. Pointi mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Zifute kwa karatasi safi yenye petroli. Kemu ya pointi, ile nundu ya katikati inayozifungua, ipake grisi nyembamba sana. Ikizidi, hurushwa kwenye uso wa pointi na kuuunguza.

Ukikuta pointi kuukuu ina kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, badilisha kondensa pia. Ukiacha ile ile, pointi mpya zitaharibika vivyo hivyo.

Sasa mwanya. Zungusha mpaka pointi zifunguke kikomo, kisha seti milimita 0.35 kwa fila (bapa nyembamba la kupimia mwanya). Kinachokubalika ni 0.3 hadi 0.4. Kaza skrubu, pima tena, kwa sababu kukaza huvuta pointi. Fanya seti zote mbili. Mwisho pitisha karatasi kavu katikati, maana fila huacha mafuta.

Taimingi, yaani wakati wa cheche kutokea, hufuata mwanya, kamwe haitangulii. Ukibadilisha mwanya baadaye, taimingi nayo imehama: mwanya mpana huwahisha cheche, mwembamba huichelewesha.

Chukua balbu ya volti 12 yenye waya mbili. Moja ifunge kwenye waya wa buluu wa pointi, nyingine kwenye chuma cha injini. Fungua swichi, hakikisha na ile ya kuzimia injini kwenye usukani iko kwenye RUN. Zungusha krenki polepole: balbu iwake pale tu mstari wa F wa 1.4 (alama ya cheche ya silinda 1 na 4, huonekana kwenye tundu la bamba) unapolingana na alama ya injini. Ikiwaka mapema au kwa kuchelewa, legeza skrubu tatu za bamba kubwa na ulizungushe. Ukiipita alama, usirudi kidogo. Zungusha mzunguko mzima. Kisha hamia waya wa njano na F ya 2.3, lakini sasa sogeza bamba dogo tu. Ukigusa kubwa, unaharibu kazi ya 1 na 4. Usiache swichi wazi muda mrefu, koili huchemka.

Bamba likifika mwisho wa nafasi yake kabla F haijalingana, tumia ule uhuru wa mwanya. Cheche ikichelewa, panua hadi 0.40, ikiwahi, punguza hadi 0.30. Pointi za bei rahisi hulazimisha hivyo mara nyingi.

Mwenye taa ya taimingi ahakikishe injini ikiwa hai: kwenye silensa (injini ikiunguruma polepole bila kuongezewa gesi) alama ni F, na ukipandisha kupita mizunguko 2,500 kwa dakika, mistari miwili sambamba ije kwenye alama. Alama ikirukaruka au ikikataa kurudi, uzito na springi nyuma ya bamba, zinazowahisha cheche injini ikienda kasi, zimechoka au zimekauka mafuta.

Kisigino cha pointi mpya (sehemu inayosuguana na kemu) hulika haraka mwanzoni na mwanya hupungua, hivyo pima tena baada ya kilomita 500 hivi.