Jinsi ya kupanga mimea ya jamii ya kunde kwa umbo na DNA (na kwa nini usianze na rangi ya mbegu)

Mpe mtu mifuko kumi ya mbegu za jamii ya kunde mwambie azipange kiukoo, mara nyingi atazimwaga mezani aanze kutenga nyekundu huku, nyeusi kule, zenye madoadoa pembeni. Namwelewa, ndo kitu kinachoonekana haraka. Ila kama shida yako ni kujua nani ndugu wa nani, rangi ya mbegu iangalie mwisho, na ikiwezekana iache kabisa.

Sababu ya kwanza ni kwamba rangi na ukubwa wa mbegu ni vitu ambavyo wakulima wamevichagua kwa maelfu ya miaka, kwa hiyo spishi mbili tofauti kabisa zinaweza kufanana, halafu spishi moja ikawa na kila rangi. Kunde peke yake zipo nyeupe zenye jicho jeusi, nyekundu, kahawia, nyeusi tii, na zote zinazaliana bila shida yoyote. Sababu ya pili ni ya kijenetiki. Mendel, yule mtawa aliyeanzisha elimu ya urithi, kwenye njegere zake, kazi aliyoichapisha 1866, aliona kuwa mmea wenye maua meupe una ngozi ya mbegu isiyo na rangi, na ule wenye maua ya zambarau una ngozi ya mbegu ya kijivu au kahawia pamoja na wekundu pale jani linapotokea kwenye shina. Leo tunajua ni jeni moja tu inaendesha yote hayo. Sasa we ukiweka kwenye jedwali "rangi ya ua", "rangi ya mbegu" na "rangi ya kwapa la jani" kama sifa tatu umehesabu kitu kimoja mara tatu, na programu ya kompyuta haijui hilo, itakuchorea kundi safi kabisa ambalo halipo.

Kwa hiyo tafuta sifa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzichagua kwa ajili ya chungu au soko. Hizo ndo zinabeba habari za ukoo.

Anza na ua, sio mbegu

Ua la kunde, maharage, choroko, mbaazi na wenzao lina petali tano: moja kubwa ya juu inaitwa bendera, mbili za pembeni ni mabawa, na mbili za chini zimeshikana zikafunika sehemu za uzazi, hizo za chini tuziite mkuku. Chukua ua asubuhi lingali bichi, maana mengi yakifika mchana yameshanyauka na huwezi kufungua kitu. Kama huna muda siku hiyo litumbukize kwenye alkoholi ya asilimia 70, litakungoja. Toa bendera na mabawa kwa sindano, bakiza mkuku, halafu weka chini ya lenzi ya kukuza mara kumi.

Kwa maharage, Phaseolus vulgaris (neno la kwanza ni jenasi, yaani kundi la spishi ndugu, yote mawili pamoja ni jina la spishi), utakuta ncha ya mkuku imejizungusha kama ganda la konokono, mzunguko mzima na zaidi. Kwa kunde, Vigna unguiculata, umepinda tu, haujajizungusha. Kwa choroko na ndugu zake wa Asia mkuku umepinda kwa kujisokota upande mmoja na petali moja ina kitu kama kimfuko kilichochomoza pembeni. Ukishaona hicho kimfuko mara moja hutakisahau, na ukikiona kwenye ua la manjano jua uko ndani ya Vigna za Asia, hapo umeshapunguza kazi sana.

Kisha shuka kwenye stipuli, yale majani madogo mawili yanayokaa pale mkono wa jani unapoungana na shina. Watu wanayapita tu. Kwenye Phaseolus yameshikilia kwa chini, basi. Kwenye Vigna nyingi yanaendelea kushuka chini ya pale yaliposhika, na kwa choroko yameshikwa katikati kabisa kama ngao. Halafu pitisha kidole kwenye ganda changa na majani au bora uangalie kwa hadubini: Phaseolus ina vinyweleo vyenye ncha iliyopinda kama ndoana, Vigna haina. Kama una hadubini nzuri zaidi angalia na chavua, ya Vigna ina nyavunyavu pana juu yake, ya Phaseolus haina nyavu hizo kubwa.

Sifa hizi ndo zilizohamisha choroko. Linnaeus, yule aliyeanzisha mfumo wa majina ya kisayansi, mwaka 1753 aliiweka kwenye Phaseolus, 1954 mtaalamu wa mimea Wilczek akaihamishia Vigna, na kazi ya mtaalamu mwingine, Bernard Verdcourt, ya 1970 ndo ikachora vizuri mpaka kati ya jenasi hizo mbili. DNA ilipokuja baadaye ilikubali: Phaseolus inayobaki baada ya kutoa zile zilizowekwa humo kimakosa ni kundi la Amerika, Vigna za Asia na Afrika ziko upande wao. Yaani watu waliokaa na lenzi na sindano walipatia kabla ya mashine.

Otesha mbegu, usizitazame tu

Kipimo cha bei rahisi kuliko vyote ni kuotesha. Weka mbegu kumi za kila sampuli kwenye mchanga wenye unyevu, subiri wiki hivi, halafu angalia zile nusu mbili za mbegu zimeenda wapi. Kwa choroko, kunde na maharage ya kawaida zinanyanyuka juu ya udongo. Kwa Vigna angularis na Vigna umbellata zinabaki chini. Na hata ndani ya Phaseolus kuna mgawanyiko huo huo, P. vulgaris zinapanda juu, P. coccineus zinabaki chini, kwa hiyo sifa hii inatenganisha spishi vizuri lakini usiitumie kutenganisha jenasi, imebadilika zaidi ya mara moja kwenye ukoo.

Tuseme sasa umepewa mbegu ndogo za kijani na nyeusi na mtu anadai zote ni choroko. Kuna ndugu wa karibu sana, Vigna mungo, ambaye watu humchanganya naye. Shika mbegu, tafuta kile kitovu, lile kovu jeupe iliposhika kwenye ganda. Kwenye choroko kovu ni bapa, sawa na ngozi ya mbegu. Kwenye mungo lina kingo zilizoinuka na katikati pamebonyea, ukipitisha ukucha unasikia. Mmea ukizaa, maganda ya mungo yanasimama wima na yana vinyweleo virefu, ya choroko yanatanda pembeni au kuning'inia. Ua la mungo ni manjano kali, la choroko manjano iliyofifia inayoelekea ukijani. Hapo hata bila maabara unaweza kusema, ila sifa moja peke yake isikutoshe, chukua tatu au nne.

Geuza sifa kuwa namba

Hapa ndo wengi wanaharibu, kwa sababu data zimechanganyika: nyingine ni ndio au hapana, nyingine ni sentimita. Tumia umbali wa Gower, mbinu ya 1971 ambayo mpaka leo ipo kwenye programu ya takwimu ya R. Inafanya hivi. Kwa sifa ya ndio au hapana, zikifanana andika 0, zikitofautiana andika 1. Kwa sifa ya kipimo chukua tofauti ya sampuli mbili ugawanye kwa upana wote wa kipimo hicho kwenye data yako. Mfano sampuli A ina ganda la sentimita 8, B ina 12, na kwenye sampuli zako zote ganda fupi kabisa ni 5 na refu kabisa ni 25, basi ni 4 gawanya kwa 20, sawa na 0.2. Tuseme stipuli zinafanana (0), vinyweleo vinafanana (0), ila kuota kunatofautiana (1). Jumla 1.2, gawa kwa sifa nne, umbali ni 0.3. Fanya hivyo kwa kila jozi, yaani kompyuta ifanye, halafu iombe ichore makundi.

Pima mimea kadhaa kwa kila sampuli, kumi inafaa, na otesha yote sehemu moja kwa wakati mmoja. Mmea uliokosa maji unakuwa mfupi na majani madogo, ukilinganisha na wa shamba lingine lililomwagiliwa utadhani ni spishi tofauti kumbe ni kiu.

Kromosomu: haraka lakini zina mtego

Ukipata mtu anayeweza kuhesabu kromosomu (vifurushi vya DNA ndani ya seli) kwenye ncha za mizizi, mwombe. Kunde, choroko, njugu mawe, maharage, mbaazi na fiwi zote zina 22. Njegere ina 14, dengu (Cicer arietinum) ina 16, soya na karanga zina 40. Kwa hiyo njegere na dengu zinajitenga mapema. Ila angalia mtego, soya na karanga zina namba moja na sio ndugu wa karibu hata kidogo, wakati kunde na mbaazi zina namba moja na ziko upande mmoja wa ukoo. Namba kufanana haithibitishi undugu, kutofautiana tu ndo kunaanza kukupa maswali.

Karanga nayo ina kisa chake: ni muungano wa jenomu (seti nzima za DNA) mbili za spishi za mwituni, Arachis duranensis na Arachis ipaensis. Ukifanya kipimo cha DNA ukaona alama mbili pale ulipotegemea moja, usiseme haraka ni chotara wa juzi, inaweza kuwa kila jenomu imetoa yake.

DNA

Chukua jani changa safi, lichanechane, liweke kwenye pakiti yenye jeli ya silika likauke haraka, maana jani linalokauka polepole DNA yake inakatikakatika. Kutoa DNA watu wengi hutumia njia ya CTAB (aina ya sabuni inayopasua seli), inafanya kazi vizuri kwa mimea hii. Kisha PCR, yaani kunakili kipande cha DNA mara nyingi ili kisomeke, na swali ni sehemu gani ya DNA usome.

Mwaka 2009 wataalamu walikubaliana kwamba msimbo wa kawaida wa kutambua mimea uwe jeni mbili, rbcL pamoja na matK, zote za kloroplasti (chembe za kijani za jani, ambazo zina DNA yake). Kwa kutenganisha jenasi zinatosha, matK hasa, na ndo iliyotumika 2017 familia nzima ya jamii ya kunde ilipopangwa upya kuwa familia ndogo sita badala ya zile tatu za zamani. Kwa spishi za karibu kama choroko na mungo herufi za DNA zinazotofautiana huwa chache mno, hapo ongeza ITS, kipande cha DNA kilicho kwenye kiini cha seli. Na kama unatenganisha aina ndani ya spishi moja, achana na hizo zote, nenda kwenye SSR (vipande vifupi vya DNA vinavyojirudia) au SNP (sehemu ambapo herufi moja tu inatofautiana).

Kwa nini nasisitiza ITS au kitu chochote cha kiini? Kwa sababu kloroplasti kwenye mimea mingi inarithiwa kwa mama tu. Kama zamani spishi mbili zilizaliana, mjukuu anaweza kuwa na kloroplasti ya bibi na umbo la babu, na ukisoma matK peke yake utampeleka kwa bibi bila kujua kuna stori nyingine.

Kuna habari moja ya DNA ambayo mimi naipenda kuliko herufi mojamoja. Kloroplasti ya mimea mingi ina kipande kikubwa kilichojirudia mara mbili, kila nakala kama herufi 25,000. Njegere, dengu, alfalfa na klova zote zimepoteza nakala moja. Kunde, maharage na soya bado wanazo mbili. Kitu kikubwa hivyo hakipotei kila siku na kikishapotea ni nadra sana kurudi, kwa hiyo ukikiona kimepotea kwenye mimea mingi iliyo upande mmoja, hiyo ni alama ya ukoo yenye nguvu.

Ukipata sikwensi zako, yaani mfuatano wa herufi za DNA, zipange sambamba kwa programu ya MAFFT, halafu zipitie kwa macho, usiamini mashine mia kwa mia. Ongeza mmea mmoja wa nje ya kundi ili mti, yaani mchoro wa ukoo, upate mzizi, kwa Vigna unaweza kuweka mbaazi. Chora mti kwa programu ya IQ-TREE na angalia namba za butstrapu ya kawaida (kipimo cha uhakika wa tawi, kati ya 0 na 100) kwenye kila tawi, tawi lenye chini ya 70 usilijengee hoja. Ukichukua sikwensi za watu kutoka GenBank (hazina ya wazi ya sikwensi mtandaoni) kulinganisha, chukua zaidi ya moja kwa kila spishi kwa sababu majina mle mengine yamekosewa.

Miti miwili ikigombana

Itatokea, umbo linasema hivi na DNA inasema vile. Usikimbilie kusema DNA imeshinda. Kwanza rudi kwenye sampuli, huenda mabomba ya DNA yamebadilishana lebo, hiyo ndo sababu ya kawaida kuliko zote. Pili toa kwenye jedwali sifa zote zinazohusu kilimo, yaani kutambaa au kusimama, ganda kupasuka au kutopasuka, ukubwa wa mbegu, rangi, kisha chora upya. Mara nyingi ugomvi unaisha hapo. Maharage ni mfano mzuri, yalifugwa mara mbili kando kando, Amerika ya Kati na kwenye milima ya Andes, na pande zote mbili yakaishia kuwa na mimea mifupi isiyotambaa, kwa hiyo ukipanga kwa ufupi wa mmea utachanganya koo mbili ambazo protini ya mbegu, phaseolin, inazitenganisha vizuri tu. Hapo ukubwa wa mbegu kidogo unasaidia, za Andes kwa kawaida kubwa, zaidi ya gramu 40 kwa mbegu 100, za Amerika ya Kati nyingi ndogo, ila zimezalishwa pamoja sana siku hizi kwa hiyo uchukulie kama dokezo.

Tatu, linganisha mti wa kloroplasti na mti wa kiini. Vikikubaliana vyenyewe vikapingana na umbo, shuku umbo. Vikipingana vyenyewe kwa vyenyewe, shuku uchotara, na hapo unahitaji jeni nyingi zaidi kabla ya kutoa jina lolote. Na kila sampuli uliyosoma DNA yake ikaushe tawi lenye ua na ganda, ulibane kwenye karatasi, uandike namba ile ile iliyo kwenye bomba la DNA, kwa sababu mwenzako akitilia shaka jina ulilotoa atataka kufungua ua, na bila hilo tawi hana cha kufungua.