Nyanya za Mbegu za Asili Penye Mvua Nyingi: Kazi Kubwa ni Kuliacha Jani Likauke

Mkulima wa Lushoto anaposema kwamba anapanda nyanya za asili, mara nyingi huwa na maana ya Money Maker au Marglobe, mbegu zisizo chotara ambazo zimekaa mashambani muda mrefu kiasi cha kuhesabiwa kuwa za nyumbani, pamoja na zile nyanya ndogo za kienyeji zinazojiotea kando ya jalala. Ladha yake inajulikana na mbegu yake inaweza kutunzwa. Hata hivyo, inafaa kukumbuka zilikotoka. Money Maker ni ya Uingereza, nayo ilijipatia sifa ndani ya nyumba za vioo. Marglobe ilitolewa na Wizara ya Kilimo ya Marekani mwaka 1925, na nguvu yake ni dhidi ya mnyauko fusari, ugonjwa unaokaa udongoni. Hakuna kati ya hizo mbili iliyoandaliwa kupambana na bakajani chelewa, ugonjwa unaounguza majani, na huyo ndiye adui mkubwa wa nyanya inayolimwa nje katika milima yenye mvua na ukungu.

Bakajani chelewa huhitaji ubaridi wa wastani na jani lililolowa kwa saa nyingi mfululizo. Asubuhi, kabla jua halijapanda, geuza jani lenye doa la kijivu linaloonekana kama limemwagiwa maji ya moto: ukiona utando mweupe kama vumbi la unga pembezoni mwa doa, ugonjwa umekwisha kuingia, na hali ya hewa isipobadilika shamba zima linaweza kuungua kwa muda wa wiki moja au mbili. Usiuchanganye na bakajani tangulia, ambao huanzia kwenye majani makuukuu ya chini na kuacha madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara. Huo huenda polepole zaidi na humpa mkulima nafasi ya kuuwahi.

Kwa hiyo karibu kila kazi ya shambani ipimwe kwa swali moja, yaani kama inasaidia jani kukauka mapema. Nafasi ya sentimita 60 kati ya mche na mche na mita 1 kati ya mstari na mstari huonekana kama upotevu wa ardhi wakati wa kupandikiza, lakini miezi miwili baadaye hiyo ndiyo njia ya upepo. Kwenye mteremko, matuta yafuate kontua, yaani yakate mteremko kwa usawa, hata kama upepo unavuma upande mwingine, maana udongo ukishachukuliwa na maji haurudi. Yainuliwe sentimita 20 hadi 30 ili mizizi isisimame majini.

Miti ya kuegeshea isimikwe siku ileile ya kupandikiza, kwa kuwa ukiisimika baadaye utakata mizizi. Kamba ya katani izungushwe kwenye mti kwanza, ipishane, ndipo ishike shina kwa kulegea, kwani shina litanenepa. Money Maker hurefuka bila kukoma, hivyo iachiwe shina moja au mawili na machipukizi mengine yatolewe yangali na urefu wa kidole. Marglobe ni fupi zaidi. Ukiipogolea kwa ukali huo utapoteza mavuno, kwa hiyo ondoa tu machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza. Majani yanayogusa ardhi yaondolewe kwa zote mbili, na chini yake yawekwe matandazo ya nyasi kavu ili matone ya mvua yasirushe udongo juu. Kazi hii ifanyike mchana mmea ukiwa mkavu. Nimewahi kupogolea asubuhi yenye umande kwa sababu ya haraka, na mstari niliopita ndio ulioungua kwanza.

Viazi mviringo ni jirani mbaya, kwa kuwa ugonjwa ni uleule. Viazi vilivyojiotea baada ya mavuno ving'olewe vyote, na nyanya isirudi mahali palipokuwa na viazi, bilinganya au pilipili kabla ya misimu kadhaa ya maharage, mahindi au kabichi.

Bei nzuri ya nyanya wakati wa masika huwavuta wengi, nami siwalaumu, ila kwa mbegu hizi ni salama zaidi kusia kitaluni mvua zinapoelekea ukingoni ili maua na matunda yaje baada yake. Dawa za shaba au mankozebu hukinga jani ambalo bado ni zima. Haziponyi jani lililokwisha kuungua, na mvua kubwa huziosha. Zipigwe kwa kipimo cha kwenye kibandiko, na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe.

Mvua ikinyesha baada ya siku kavu, matunda hupasuka. Yachumwe mara tu kitako kinapoanza kugeuka rangi, yaivie ndani.

Mbegu ndiyo faida ambayo wengi huitupa. Kawaida ni kuuza matunda mazuri na kukamua mbegu kutoka kwenye yale yaliyobaki mwishoni mwa msimu, na hilo ni kosa. Mapema, funga utambi mwekundu kwenye mimea iliyobaki na majani mabichi wakati wenzake wameungua, na tunda la kichala cha pili au cha tatu liachwe liive kabisa. Kamulia mbegu pamoja na maji yake kwenye bakuli, ziache zichache siku mbili au tatu, kisha zioshe, nzima zikizama na pepe zikielea. Zianikwe kivulini juu ya sahani, si juu ya karatasi, kwani zitanata. Zikikauka ziwekwe kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, pamoja na kifuko kidogo cha majivu makavu. Chupa iandikwe jina la mbegu, mwezi wa kuvuna na mstari zilikotoka, na kabla ya kusia mwaka unaofuata, mbegu 20 zijaribiwe kwanza kwenye kitambaa chenye unyevu.